Umoja wa wakaaji wa kartye: kazi yake, mipaka yake na milango ya kubisha

Kila musimu wa mvua swali ni lile lile mu ma kartye ya miji ya mashariki: nani atazibua mutaro? Shefu wa avenyu anasema ni kazi ya komine. Ku komine wanasema ni ya meri. Ku meri wanasema ni ya ofisi ya barabara. Wakati huo maji iko inaingia ndani ya nyumba, na takataka za soko zinafuata nyuma. Mwishoni watu wanafunga mazungumuzo kwa neno moja: «Tulisha sema, lakini hakuna mwenye anasikia.»

Umoja wa wakaaji wa kartye unazaliwaka fasi hiyo, kati ya kusema na kusikiwa. Makala hii inaeleza umoja huo ni kitu gani, sheria ya Congo inaupa nguvu gani, ni mulango gani wa kubisha kwa kila shida, na juu ya nini nyingi zinakufa mbele ya kumaliza mwaka wa kwanza.

Umoja wa wakaaji ni nini

Ni kikundi cha watu wenye wanakaa fasi moja, wenye nyumba pamoja na wapangaji, wenye wamekubaliana kutetea mambo ya maisha yao ya kila siku: maji, mwangaza, barabara, mitaro, takataka, usalama, shule, soko, fasi ya watoto kuchezea. Hawakutane juu ya kabila, dini wala chama cha siasa. Kitu chenye kinawaunganisha ni fasi wanalala.

Watu wengi wanauchanganya na vitu vingine vitatu. Kwanza, shefu wa kartye na shefu wa avenyu. Hao ni watu wa utawala: wanaandika wakaaji, wanatoa karatasi za ukaaji, wanapeleka ripoti juu. Wanateuliwa, hawapigiwe kura. Pili, nyumba kumi, mupango wenye ulianza Tanzania wakati wa TANU na wenye miji yetu imetumia zaidi kwa usalama: kujua nani mugeni, nani amelala wapi. Tatu, salongo, kazi ya pamoja yenye jina lake linatoka wakati wa Mobutu. Salongo inafagia barabara, lakini haiulizi juu ya nini gari ya takataka haikuye.

Umoja unaweza kufanya kazi na hao wote. Lakini shefu anasema kwa jina la serikali mbele ya wakaaji, na umoja unasema kwa jina la wakaaji mbele ya serikali. Mutu mumoja akishika kazi zote mbili, siku ya shida atakosa upande wa kusimama.

Kartye haina sanduku

Katiba ya 18 Februari 2006 na sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 zinataja maeneo yenye kujiongoza na kushika feza zao wenyewe: muji, komine, sekta na sheferi. Kartye haiko ndani ya orodha hiyo. Kwa macho ya sheria, kartye, sawa vile kijiji, haina utu wa kisheria. Haina bajeti, haiwezi kusaini mukataba, haiwezi kushitaki mutu ku tribinali.

Hii ndiyo sababu kubwa malalamiko mengi yanapotea njiani. Mukaaji analia kwa shefu wa kartye, na shefu hana hata franka moja ya kununua beleshi. Hata akiwa mutu muzuri, kazi yake ni kupeleka maneno juu. Kama maneno hayakuandikwa, yanabaki mu kinywa chake.

Komine, yenyewe, ina sanduku. Sheria ya 2008 inaipa kazi ya kutunza barabara na mitaro ya komine, masoko, mwangaza wa barabara. Baraza la komine ndilo linapitisha bajeti. Na feza yenyewe? Katiba, katika kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inapaswa kukatwa palepale inapopatikana. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu la jimbo ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Kila mutu mwenye amefanya kazi ku komine anajua feza hiyo haifike yote. Lakini mukaaji mwenye kujua hesabu hiyo anauliza swali tofauti. Haulize tena «mutatusaidia lini?» Anauliza: «Ndani ya bajeti ya mwaka huu, mutaro wetu umeandikwa ku ukurasa gani?»

Kuna jambo lingine la kujua. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006, wakaaji walichagua washauri wa komine. Lakini kura hiyo ilipangwa kwa komine za miji mikubwa ya majimbo tu. Uvira, Beni na Butembo, zenye haziko makao makuu ya jimbo, hazikupiga. Fasi zenye hakuna mushauri mwenye alichaguliwa, umoja wa wakaaji unabaki karibu sauti pekee yenye haikutoka juu.

Namna ya kuunda

Kifungu cha 37 cha katiba kinatoa uhuru wa kuunda mashirika. Sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001 ndiyo inaongoza mashirika yasiyo ya faida, yenye watu wanaita ASBL. Inaomba wanachama wasiopungua 7, statuti zilizoandikwa, na maombi yenye yanafika mpaka kwa waziri wa sheria. Njia hiyo ni ndefu na inakula feza. Kwa hiyo umoja mwingi wa kartye unaanza chini zaidi: mukutano, karatasi ya kuanzisha, na barua ya kujijulisha ku komine na kwa shefu wa kartye.

Kuanza chini hakuharibu kitu, mradi watu wajue mipaka. Bila utu wa kisheria, umoja hauwezi kupokea musaada mukubwa kwa jina lake wala kusimama ku tribinali kama umoja. Lakini kuandika barua, kukusanya sinyatire na kuuliza bajeti, hayo yote wakaaji wanaweza kuyafanya leo.

Kwa umoja wenye unaanza, vitu vinne vinatosha: kamati ndogo yenye muda wake wa kumaliza umeandikwa, kaye ya mikutano, kaye ya feza yenye kila mukaaji anaweza kufungua, na orodha ya avenyu na mutu mumoja wa kila avenyu. Wapangaji wawe ndani. Mu ma kartye mengi wao ndio wengi, na wao ndio wanalala ku vyumba vya chini vyenye maji inaingia kwanza. Wamama nao wasiwekwe ku kamati kwa kupika chai tu. Ni wao na watoto wenye wanajua saa gani maji inakuja ku robine na inafika kwa nani.

Mulango gani kwa shida gani

Barua ikiandikwa kwa ofisi yenye haihusiki, inalala. Orodha hii inasaidia kuanza vizuri.

Maji ya bomba: Regideso, ofisi ya muji. Tangu sheria ya maji ya 31 Desemba 2015, kazi ya maji imefunguliwa pia kwa majimbo, komine na watu binafsi. Kwa robine za watu wote, tafuteni kwanza kujua nani anazishika.

Mwangaza: SNEL, ao kampuni yenye inauza umeme mu muji. Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua mulango kwa kampuni binafsi. Ku Goma, kwa mufano, kuna Virunga Energies na Nuru.

Barabara kubwa ya muji na mitaro yake: OVD. Barabara ya taifa yenye inapita mu muji: Office des Routes. Avenyu ndogo na kanivo za ndani: komine.

Takataka na soko: komine kwanza, kisha meri kama soko ni la muji muzima.

Kujenga fasi mbaya, kufunga njia, kuuza kiwanja cha watu wote: ofisi ya mipango ya miji kwa ruhusa ya kujenga, na ofisi ya hati za ardhi kwa karatasi za kiwanja. Ardhi, kwa sheria ya 20 Julai 1973, ni mali ya serikali. Mutu anapewa haki ya kuitumia.

Kila barua ipelekwe kwa mwenye kuhusika, na kopi ifike kwa mwenye yuko juu yake. Barua kwa burgumestre, kopi kwa meya. Barua kwa meya, kopi kwa liwali wa jimbo na kwa wabunge wa jimbo wenye walichaguliwa mu muji huo.

Barua yenye ina miezi 3

Kuna haki moja yenye wakaaji wachache wanaitumia. Kifungu cha 27 cha katiba kinasema kila Mukongomani anaweza kupeleka ombi kwa utawala, peke yake ao pamoja na wengine, na utawala unapaswa kujibu katika miezi 3. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna mutu anaweza kushitakiwa juu ya kuandika ombi la namna hiyo.

Ombi zuri linaingia ku ukurasa mumoja ao mbili. Linasema shida ni gani, iko avenyu gani kufika avenyu gani, tangu lini, imefanya nini kwa watu, wakaaji wenyewe wamekwisha kufanya nini, na wanaomba kitu kimoja gani. Wenye kuandika vitu kumi ndani ya barua moja wanapata jibu la vitu vyote kwa ujumla, maana yake hakuna jibu.

Kisha iko kashe. Pelekeni kopi mbili. Moja inabaki ku ofisi, ingine inarudi na kashe, tarehe ya kupokelewa na jina la mwenye amepokea. Bila ile tarehe, miezi 3 haina mwanzo. Siku 90 zikipita, umoja unaandika tena na kuweka kopi ya barua ya kwanza nyuma. Barua ya pili ndiyo inaanza kuogopesha, juu inaonyesha kwamba watu wamehesabu.

Kama wakaaji wanafika ku kuandamana, kifungu cha 26 kinaomba wapangaji wajulishe utawala kwa maandiko. Umoja wenye una barua tatu zenye kashe mukononi una sababu ya kuonyesha mbele ya polisi, mbele ya waandishi wa habari na mbele ya jaji.

Fasi ngumu zaidi iko ndani ya kartye

Watu wanafikiri kazi ya umoja ni kugombana na serikali. Lakini mifano ya miji yetu inaonyesha kwamba mara nyingi neno gumu zaidi ni lile wakaaji wanapaswa kuambiana wenyewe.

Uvira. Muji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, na mito kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inapita katikati. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilitoka mu njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na bomba za maji ziliharibika mu muji wenye kolera imekaa miaka mingi. Kusema «serikali ijenge kuta za muto» ni haki. Lakini nyumba nyingi zilikuwa kando kabisa ya maji, na vilima vya juu vimepoteza miti. Umoja wa wakaaji fasi kama hiyo una wanachama wenye wanakaa ndani ya hatari. Ukinyamaza ili usiwaumize, unawaacha kwa mvua yenye inakuja. Ukiwaambia waondoke bila kusema waende wapi, umewafukuza. Kazi yake ni kati: kuandika orodha ya nyumba zenye ziko njiani ya maji, kuomba kiwanja kingine mbele ya kubomoa, na kupanga nani anapiga filimbi usiku muto ukipanda.

Katiba inasaidia hapo. Kifungu cha 34 kinasema hakuna mutu anaweza kunyanganywa mali yake isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki yenye yanatangulia. Lakini kwa mwenye hana karatasi ya kiwanja, kupata malipo hayo ni vigumu sana. Kwa hiyo orodha ya umoja, yenye inaandika nani anakaa wapi tangu mwaka gani, inaweza kuwa ushuhuda pekee wa familia nzima.

Bukavu. Mu komine ya Kadutu, nyumba za mbao zinashikana ukuta kwa ukuta ku mulima, na moto ukiwaka mu Nyamugo ao Buholo unaruka kutoka nyumba kufika nyumba. Gari ya kuzima moto, hata ikikuwa na maji, haina fasi ya kupita. Watu wanalaumu gari. Lakini njia ilifungwa kidogo kidogo: huyu aliongeza chumba, yule aliweka duka, mwingine aliuza kipande. Kufungua njia ya mita chache kunaomba watu kumi wakate kuta zao. Hakuna meya mwenye ataifanya kwa amani kama majirani hawajakubaliana mbele. Umoja wenye umekubalisha watu hao kumi na kuandika sinyatire zao unafika ku ofisi ya mipango ya miji na nusu ya kazi imekwisha.

Goma. Muji uko kando ya ziwa Kivu na bado bidoni za rangi ya manjano zinatembea kilomita. Muji umekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba ni kugumu, na lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya muji. Mwaka wa 2012, vijana wa Goma walianzisha muvema wa LUCHA, na maji ilikuwa kati ya madai yao ya kwanza. Muvema ni kitu kingine kuliko umoja wa kartye: unasemea inchi nzima. Lakini ku robine ya avenyu kuna kazi yenye muvema hauwezi kufanya: kuandika bei ya bidoni ku ubao, kujua feza ya siku inaenda wapi, kuzuia mutu mwenye nguvu asigeuze robine ya wote kuwa duka lake. Na huyo mutu mwenye nguvu, mara nyingi, ni jirani.

Fasi umoja unakufia

Njia za kufa ni tatu, na wakaaji wanazijua.

Ya kwanza ni feza. Muchango unakusanywa kwa kununua mabomba, mabomba hayaonekane, na watu wanaacha kutoa. Dawa yake ni ndogo: karatasi kwa kila malipo, watu wawili kutunza sanduku, na hesabu kusomwa kwa sauti kila mwezi. Umoja usikubali pia kukusanya kodi kwa niaba ya ofisi. Siku utakapofanya vile, watu wataufungia mulango sawa vile wanaufungia wengine.

Ya pili ni kura. Prezida wa umoja anajulikana, chama kinamuita, na asubuhi moja umoja unaamka umevaa rangi ya chama. Statuti zinapaswa kusema wazi: mwenye anataka kugombea anaacha kwanza kiti.

Ya tatu ni kupokea musaada bila kuuliza. Shirika linajenga robine ao choo, linapiga picha, linaenda. Mwaka unaofuata kipande kimoja kinavunjika na hakuna mwenye anajua nani atakitengeneza. Mbele ya kusema asante, umoja uulize: nani atatunza, kwa feza gani, na kipande hicho kinauzwa wapi?

Kuna pia hatari yenye haitoke kwa wakaaji. Mwanzoni mwa 2025, Goma, kisha Bukavu, ziliingia mikononi mwa AFC/M23. Mu muji wenye utawala umebadilika, kusema kwa sauti kunaweza kuleta taabu, na kila umoja unapima maneno yake. Lakini mutaro haubadilike na mwenye ofisi. Kaye yenye imeandikwa vizuri, yenye majina ya avenyu, tarehe za mvua na nyumba zenye zimeanguka, inabaki na faida mbele ya kila mwenye atakalia kiti kile. Iwekwe kopi fasi mbili, kwa watu wawili.

Kwa mwenye anataka kuanza

Asianze na kamati ya watu ishirini na kashe nzuri. Achague shida moja, yenye kila mutu anaiona, yenye inaweza kumalizika kwa miezi michache: mutaro wa avenyu moja, taa ya fasi yenye wasichana wanapita usiku, bei ya bidoni. Aite watu wa avenyu hiyo, wapangaji ndani. Waulizane kwanza: sisi wenyewe tunaacha nini? Mwenye ameweka duka juu ya kanivo atalitoa? Mwenye anatupa takataka usiku ataacha?

Jibu likipatikana, waandike barua moja, kopi mbili, na waombe kashe yenye tarehe. Kisha wahesabu miezi 3.